Ala Iliyokuja na Kisu

Nashipae,

Umeenda Embulbul kumuaga koko, nyanya yako, na nyumba imebaki na mimi, redio, na kisu chako hapa juu ya meza. Sikuandikii salamu, kwa sababu jioni hii nitakupikia chai na utanisalimia mwenyewe. Nianze tu na jambo lenyewe. Jana uliponionyesha hiki kisu, sikukasirika.

Najua ulidhani nimekasirika. Uliingia umekivaa kiunoni, ukazunguka hapo mlangoni kama mtu anayeonyesha nguo ya harusi, ukasema, "Mama, cheki! Tumepewa sisi wote wa kambi. Kiko hadi na kava yake!" Mimi nikaweka sufuria chini nikatoka nje. Nilienda nyuma ya nyumba nikashika ukuta. Nilikuwa nahisi baridi na jua linawaka. Nilishangaa mwenyewe. Miaka yote hii, na mwili wangu ulikuwa bado unakumbuka kila kitu kama ni juzi.

Baba yako ndiye alinipata pale. Akaniuliza, "Ni kisu?"

Nikamwambia, "Si kisu. Ni hiyo kava."

Kisha akasema, "Muandikie. Mimi siwezi kulitoa kwa mdomo." Ndiyo unapata barua kutoka kwa mtu unayelala naye nyumba moja.

Mambo ya sweta, dawa ya malaria na kupiga simu Jumapili sitayaandika. Wewe ni mtu mzima, unaenda Laikipia kuongoza wageni porini kwa miguu, na soksi zako utazifua unavyotaka. Nataka kukuandikia kuhusu hiyo kava peke yake. Sisi tunaiita ala.

Baba yako alikuwa na ndugu mdogo. Unajua alikuwako, na unajua jina lake halitajwi. Kwa watu wa baba yako, mtu akifa akiwa kijana, jina lake linawekwa pembeni na watu wanaendelea kuishi. Kwetu Ukambani tungempa mtoto jina hilo, na hadithi yake ingesimuliwa mpaka tuchoke. Nilipoolewa huku nilifuata ya huku. Kwa hivyo wewe umekua ukijua tu kwamba kulikuwa na mtu, na kwamba kulitokea ajali. Nikikuuliza leo ni ajali gani, nadhani utasema ni gari.

Haikuwa gari.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Wakati huo tuliishi kule uwanda wa Kitengela, mbali na barabara, kabla ya plot na mabati ya bluu. Baba yako mdogo alikuwa kijana wa kupendeza sana, mrefu, mwenye kucheka hata kabla mzaha haujaisha. Siku hizo watu wa kupima ardhi walikuwa wanapita wakigawanya ranchi, naye alikuwa anawabebea vyuma vyao. Walipomaliza, mkubwa wao akamwachia zawadi. Ilikuwa kisu kutoka ng'ambo, cha kwenda nacho porini, chenye mpini mweusi, na ala ya ngozi ya rangi ya kahawia iliyopigwa mhuri wa kichwa cha simba.

Nashipae, ile ala ilikuwa nzuri. Hicho ndicho kitu ambacho hadi leo sikimezi. Ilikuwa laini, imeshonwa kwa uzi wa manjano, mishono imelingana kama meno. Sisi wanawake tulikuwa tunaishika tukisema, hii ndiyo kazi ya mashine. Kijana akaitundika sime yake ya nyumbani ndani ya nyumba ya mama yake, ile yenye ala ya mbao na ngozi nyekundu, akaanza kutembea na hicho kisu. Alikivaa mbele kidogo ya paja, ili kila mtu aone simba.

Asubuhi moja ndama alitumbukia korongoni. Baba yako alikuwa ameenda Kajiado mjini, kwa hivyo tulienda mimi na shemeji yangu, na wewe mgongoni mwangu umefungwa kwa leso, umelala. Lile korongo halikuwa refu. Mtoto angeweza kulishuka. Yeye akaruka hatua ya kwanza, mchanga ukateleza, akaketi. Hakuanguka, aliketi tu, kama mtu anayekaa kwenye kigoda, na akacheka.

"Shemeji," akaniita kutoka kule chini, "umeona vile nimeaibika?"

Nikacheka pia. Nikamwambia aharakishe, ndama anapiga kelele.

Akajaribu kusimama akakaa tena. Akaangalia miguu yake. Akasema, "Chupa yangu ya maji imepasuka." Halafu akasema kitu ambacho nimekisikia masikioni maisha yangu yote: "Shemeji, mbona haya maji ni moto?"

Chupa ilikuwa begani mwangu. Mimi ndiye nilikuwa nimeibeba.

Nilishuka, sijui nilishukaje na mtoto mgongoni. Shuka ya shemeji ilikuwa nyekundu, kwa hivyo damu haikuonekana juu ya kitambaa. Niliiona kwa mchanga, mchanga ulikuwa unabadilika rangi nikiutazama. Ala ilikuwa bado imefungwa. Kifungo chake kilikuwa bado kimebana juu ya mpini, kisu hakikuwa kimetoka hata kidogo kwa juu. Lakini pale chini, ala ilikuwa imejikunja kama karatasi, na ncha ya kisu ilikuwa imetokea kwenye mshono, imeingia ndani ya paja karibu na kinena.

Nilikuweka chini kwenye mawe, ukaamka ukalia, nikachukua leso iliyokubeba nikamfunga nayo mguu kwa nguvu zangu zote. Yeye alikuwa ananitazama tu kwa mshangao. Hakuwa na uchungu usoni, Nashipae. Alikuwa anashangaa. Aliniuliza, "Ni kisu changu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Lakini kiko ndani ya ala." Kama mtu anayebishana. Kama mtu aliyekosewa.

Nilipiga ukemi mpaka wachungaji wa upande wa pili wakaja. Walimbeba kwa shuka hadi barabara ya Namanga, tukasimamisha lori la mchanga. Dereva alitupa nafasi mbele, mimi na wewe na yeye kichwa kikiwa mapajani mwangu. Tulikuwa tunaelekea hospitali ya Kajiado. Hatukufika. Kabla ya mji, dereva alipunguza mwendo akanitazama, na mimi ndiye nilikuwa wa mwisho kuelewa ni kwa nini amepunguza.

Ngai wakwa, Mungu wangu. Nimeandika.

Nimeinuka kidogo nikachemsha maji bila kuyatumia. Sasa nimerudi.

Baada ya mazishi, vitu vyake vya mwilini vililetwa nyumbani vimefungwa pamoja. Baba yako alitaka kisu kitupwe chooni na kikatupwa. Ala nikaificha. Siwezi kukueleza ni kwa nini, ila nilikuwa sielewi. Kitu kizuri hivyo kimewezaje? Siku moja nikiwa peke yangu nikachukua wembe nikaipasua kutoka juu mpaka chini.

Ndani kulikuwa na karatasi. Nasema karatasi, ile ngumu ya boksi la viatu, imekatwa umbo la kisu ikafunikwa na ngozi nyembamba kama ya mfuko wa pesa. Ile ngozi ndiyo tulikuwa tunaishika na kuisifu. Jasho la miezi michache lilikuwa limeifanya ile karatasi kuwa uji uliokauka. Katikati ilikuwa imevunjika, na pale kwenye ncha, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na mzaha hata kidogo, kulikuwa na uzi tu. Uzi wa manjano! Kati ya chuma kikali na mguu wa mtoto wa watu, mtu mahali fulani aliweka uzi, akapiga mhuri wa simba, akaendelea na kazi yake.

Nilikaa pale chini na vile vipande mapajani hadi mbuzi wakarudi wenyewe.

Kuanzia siku hiyo niliamini jambo moja, na niliamini kwa miaka mingi: ala ya kiwanda ni mauti, ala ya mkono ni uzima. Baba yako naye hakuvaa tena kitu cha dukani. Alimwendea mtu mmoja wa rika lake anayetengeneza ala za kienyeji, akatengenezewa ya sime yake kwa njia ya zamani, vibao viwili vyembamba vya mti, ngozi ya ng'ombe ikishonwa juu yake ingali mbichi ili ikikauka ibane, kisha rangi nyekundu. Mimi nilikuwa naigonga kwa vidole nikisikia mbao inajibu, na nalala vizuri. Kanisani niliwaambia akina mama wenzangu, kitu cha porini kisitoke dukani. Wengine walinisikiliza kwa heshima, wengine walinionea huruma. Nilikuwa na hakika kuliko mhubiri.

Sasa ule mkono wa baba yako. Hadithi unaijua, lakini umepewa nusu. Kila siku anakwambia ni yule kondoo wa Kiserian. Wewe ulikuwa darasa la kwanza au la pili, mvua ile kubwa ilikuwa imenyesha mpaka tukasahau vumbi linafanana na nini. Tulienda soko la mifugo Kiserian, uwanja ulikuwa tope mpaka kwa vifundo vya miguu. Baba yako akainama kumwinua kondoo dume tuliyekuwa tumemuuza. Alipoinama, sime ikateleza kutoka kwa ala yenyewe, bila mtu kuigusa, kama samaki.

Na yeye akaidaka.

Nilikuwa nimesimama karibu naye. Niliuona mkono wake ukienda, na nilijua, na mdomo wangu haukuwahi kufunguka. Mkono ulikuwa na haraka kuliko akili. Aliidaka kwa makali, hewani, na akaishikilia kwa sekunde kama mtu aliyefurahi kuidaka. Kisha akafungua kiganja akakitazama. Alinigeukia akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Nashipae, vidole havinisikii."

Hadi leo viwili havimsikii.

Hospitalini walimshona, tukarudi nyumbani, na nikachukua ile ala nyekundu niliyokuwa naiamini kuliko majirani. Nilikuwa naogopa kuiangalia. Ngozi ilikuwa imelowa na kukauka na kulowa tena mara nyingi katika ile mvua, ikavimba na kulegea. Kibao kimoja kilikuwa na ufa. Mdomo wa ala ulikuwa umepanuka kiasi cha kuingiza kidole kando ya sime. Na ndani, Nashipae, kulikuwa na kipande cha kitambaa. Baba yako alikuwa amekisokomeza humo ili sime isichezecheze. Kwa hivyo alijua! Alijua imelegea, na kila asubuhi aliivaa, kwa sababu ilitengenezwa na mtu wa rika lake, kwa mkono, kwa njia ya zamani, na mimi mkewe nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba hiyo ndiyo njia ya uzima.

Nilimuuliza, "Hiki kitambaa ni cha nini?"

Akasema, "Ni yule kondoo alinisukuma."

Sikujua nicheke au nilie. Ala ya mashine ilimchukua ndugu yake, ala ya mkono ikachukua vidole vyake, na mimi katikati sikuwa na kitu cha kushikilia. Nilikuwa nimepata somo moja kwa gharama kubwa, na somo lenyewe lilikuwa si kweli. Hilo lilinishtua kuliko damu ya pale sokoni.

Niliacha kuzungumza juu ya visu. Baba yako alikaa muda mrefu bila kuvaa kitu chochote kiunoni, na kwa mwanamume wa huku hiyo ni kama kutembea bila viatu. Halafu miaka ya karibuni, yule rafiki yake daktari wa mifugo akamletea kisu kidogo cha kazi, chenye ala ya plastiki ngumu. Ya kiwanda. Ilikuwa na sura mbaya, rangi ya tope, haina simba wala mshono wowote. Nilipoiona nilisema haitaingia kwangu. Ikakaa juu ya kabati mpaka ikashika vumbi.

Lakini kwato za mbuzi hazikatwi na maneno, akaanza kuitumia. Mwaka jana tulipanda boda boda kutoka Kiserian, tukapita Matasia kwenye ile barabara ya murram, isiyo na lami, mimi na yeye nyuma ya kijana mmoja. Kwenye kona pikipiki ikalala. Mimi nilianguka kwa majani. Baba yako alibingirika mara kadhaa, nami nikaona waziwazi ameangukia ule upande wa kisu.

Sikuuliza kama ameumia. Sikumuuliza mwenye pikipiki. Nilimrukia mzee wa watu pale barabarani, nikampapasa kiunoni na mapajani mbele ya watu wa Matasia, nikitafuta joto la damu. Naye analia, "Wewe mama, wewe mama, kuna nini?" Kisu kilikuwa ndani. Hakikuwa kimesogea hata upana wa unywele. Ile plastiki mbaya ilikuwa imekwaruzwa nje, lakini ncha ilikuwa imelala ndani salama kama mtoto. Niliketi kwa vumbi, na watu walidhani nimevunjika mahali.

Kwa hivyo ukiniuliza leo kama ala inayokuja na kisu kutoka kiwandani inatosha, sina jibu la kukupa kwa neno moja. Lile la ala ya mkono kuwa uzima nililipoteza Kiserian, na lile la ala ya kiwanda kuwa mauti nikalipoteza Matasia. Nilichobaki nacho ni kidogo. Usiulize imetoka wapi wala ni nani aliyeitengeneza, hata akiwa mtu unayempenda. Angalia pale ncha inapolala pana nini, kama ni kitu kigumu au ni uzi. Igeuze kichwa chini utikise, uone kama mdomo wake unashika. Ikilowa, anza upya kama hujawahi kuijua. Usikivae kisu mahali ambapo ukiketi kitakuelekea wewe. Na kikianguka, Nashipae, toa mguu na ukiache kianguke. Kila kitu kinachoanguka mkono unataka kukiokoa, hata kile kitakachoukata.

Nakwambia haya si kwa sababu nataka uogope. Nilikuona jana ukizunguka pale mlangoni, na kabla ya kushtuka nilifurahi, kwa nusu ya dakika. Nilisema moyoni, huyu binti anapendeza.

Basi leo ulipotoka tu, nilifanya jambo ambalo jirani yetu Mama Kioko ataeleza mji mzima, kwa hivyo afadhali ulisikie kwangu. Nilichukua lile gunia la pumba za ng'ombe, nikalifunga mshipi wako kiunoni, kama lina kiuno. Nikalivalisha kisu chako. Nikapanda nalo ngazi mpaka kwa mnara wa tangi la maji, nikalisukuma.

Mama Kioko alitoa kichwa juu ya ua. "Mama Nashipae, hilo gunia limekukosea nini?"

Nikamwambia, "Bado nalihoji."

Liliangukia ubavu, nikakimbia kuangalia. Pumba hazikumwagika. Nikalipandisha tena, nikalisukuma liangukie ule upande wenyewe wa kisu, kwa uzito wote. Nilishuka ngazi nikiwa nimefumba macho nusu. Nilipitisha mkono chini kote nikitafuta tundu. Hakuna tundu. Hicho kitambaa cheusi cha ala yenu kina kitu kigumu ndani mpaka kwenye ncha, na mtu aliyekitengeneza, popote alipo, namshukuru. Nililia kidogo pale kando ya gunia, na Mama Kioko akaondoa kichwa kwa adabu.

Lakini niliendelea, na mara ya mwisho kile kifungo cha kubonyeza kikafunguka chenyewe, na kisu kikaruka nje kikalala kwenye nyasi kikimetameta. Ncha iko salama. Mdomo ndio hauna uaminifu. Kwenye miiba ya huko uendako, tawi moja tu litakifungua.

Nilitaka kukirekebisha. Nilikuwa tayari nimeshika kipande cha ngozi na sindano kubwa. Kisha nikaona kwamba nikishona mimi, utaondoka kesho umevaa kitu ambacho unakiamini kwa sababu mama ndiye aliyekishona, na hiyo nimeshaiona inavyoisha. Kwa hivyo sikushona. Ngozi na sindano ziko kando ya kisu, mkanda wa kufunga mdomo utaukata na kuushona mwenyewe jioni hii.

Gunia nimelirudisha juu ya mnara. Asubuhi, kabla gari la kambi halijakuja kukuchukua, panda ulivalishe kisu, ulisukume kwa mikono yako, halafu ushuke uangalie. Baba yako na mimi tutakuwa tumesimama chini. Tutakusubiri wewe utuambie.

Mama yako